Paa la Makuti Mnyambe

Masasi,
12 Mei 2024

Mpwa wangu Dastani,

Kosa wanalofanya watu wengi wanaohama mjini kutafuta maisha ya polepole ni kudhani kwamba wenyeji watakaowakuta huko wanaishi polepole. Nisamehe kwa kuanza na kosa kabla ya salamu. Miaka thelathini na mmoja ya kufundisha jiografia imenizoeza kusahihisha kwanza.

Sasa salamu. Marahaba, maana najua ungeniamkia. Sisi hatujambo. Mke wangu bado analalamikia goti, na mimi nalalamikia nyonga, kwa hiyo nyumbani hakuna anayekosa wa kumsikiliza. Mjukuu wetu Rahima amefaulu vizuri na anatujulisha kila siku.

Barua yako ilinifikia baada ya siku tisa. Kutoka Mnyambe hadi Masasi basi halimalizi nusu siku. Siku nane na nusu zilizobaki, naona, barua nayo ilikuwa ikiishi polepole mfukoni mwa kondakta. Unasema umestaafu kazi ya bima, umezima simu, umeifunga ndani ya soksi na kuitupa chini ya sanduku, na kwamba sasa wewe ni mtu wa pwani. Hapo pana sahihisho. Mkoa wetu una pwani, ndiyo. Mnyambe iko juu ya uwanda, na bahari iko zaidi ya kilomita mia moja kutoka hapo. Ukungu unaojaa bonde la Ruvuma asubuhi unafanana na bahari, nakubali, hata mimi nimewahi kusimama ukingoni Newala nikautazama nikasahau kilichonipeleka. Lakini ukungu hauna samaki, na ikifika saa nne haupo.

Kiwanja cha marehemu mama yako nimekupa kwa moyo mweupe. Kwetu mjomba ndiye mwenye kuonyesha mahali, na ukoo haukupinga. Ninalotaka kujua ni jingine. Mkeo Yuliana amenipigia simu, kwa kuwa wewe hupatikani. Anasema akistaafu unesi mwezi wa Desemba atauza nyumba ya Tabata aje huko moja kwa moja, kwa sharti moja: maji yawe nyumbani. Alilirudia neno hilo. Si karibu na nyumbani. Nyumbani.

Basi niambie, paa umeliezeka kwa kitu gani?

Mjomba wako,
Gasper


Mnyambe,
2 Juni 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mpelekee Mama shikamoo yake pia na pole ya goti. Mimi ni mzima kuliko nilivyowahi kuwa. Mwanangu Kelvin ameniandikia kutoka Dodoma, anasema kazi inamwelemea. Nimemjibu kwamba hata mimi ilinielemea mpaka nikajifunza kupumua.

Mjomba, nyumba imekwisha! Ulipouliza habari za paa nilicheka, maana ndilo ninalojivunia. Nimeezeka makuti. Miaka ile tulipopelekwa semina Bagamoyo, hoteli yetu ilikuwa ya makuti, nikalala usingizi ambao sijaupata tena hadi juzi. Niliapa kwamba nikistaafu nitalala chini ya makuti. Huku hakuna, kwa hiyo nimeyaleta kwa lori kutoka Mtwara. Lori zima! Watoto walilikimbiza kutoka barabarani mpaka kiwanjani.

Na watu wanavyovutiwa, Mjomba! Hawapungui. Wanakuja wawili wawili, wanasimama, wanatazama juu, hawasemi kitu. Wengine wananipa pole, nadhani ni pole ya kazi. Jirani yangu Bi Ziada alikuja juzi na mchi begani.

"Baba Kelvin," akaniambia, "hongera kwa kuta. Paa linakuja lini?"

"Ndilo hilo, Bi Ziada."

"Hilo?"

"Hilo."

Akaweka mchi chini. "Sasa utakunywa nini?"

Nikamwambia chai bila sukari, daktari amenishauri. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia anakwenda kuwaita wenzake waje wanisikie. Watu wa huku wana ucheshi wao.

Kuhusu maji, Yuliana asiwe na wasiwasi. Maji yapo. Kijana mmoja wa pikipiki, Mahmudu, ananiletea madumu hadi mlangoni. Nimemwandikia Yuliana kwamba maji yanafika mlangoni, nayo ni kweli tupu. Akikupigia, Mjomba, nawe mthibitishie. Anakuamini kuliko mimi.

Mpwa wako,
Dastani


Masasi,
19 Juni 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti la mke wangu linakushukuru. Nyonga yangu haikutajwa katika barua yako, lakini haina kinyongo. Huku kipupwe kimeingia, tunaota moto kama wageni.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza kwa mke wangu, kwa sauti, akanizuia kabla sijamaliza. Ngoja nikueleze jambo hili taratibu, toka mwanzo.

Uwanda wa Makonde ni mchanga juu ya mchanga. Mvua ikinyesha haisimami. Inapita chini, inakwenda mbali, inatokea kwenye chemchemi za bondeni chini ya ukingo. Ndiyo maana ardhi yenu inastawisha mikorosho na muhogo, na ndiyo maana haina mto wala kisima cha kuchimba kwa jembe. Bomba la serikali lipo, na siku likijisikia linatoa. Kwa hiyo watu wa huko waligundua zamani kwamba mto wao unapita angani, na wakaanza kuukinga. Wanaukinga kwa bati. Bati linapeleka maji kwenye mfereji, mfereji kwenye kisima kilichosakafiwa saruji chini ya ardhi, na kisima kikijaa Machi, familia inayotumia kwa akili inafika Novemba. Bibi yako mzaa mama alijenga paa kabla ya kuta. Tulilala msimu mzima chini ya bati lililosimama juu ya nguzo, bila ukuta hata mmoja, na majirani wakamwonea wivu. Huko mtu hakuulizi nyumba yako ina vyumba vingapi. Anakuuliza ina bati ngapi.

Makuti hayakingi. Yanakunywa kwanza yenyewe, kisha yanakutemea maji ya rangi ya chai. Bi Ziada hakukuuliza habari za sukari.

Kisima cha bibi yako bado kipo kiwanjani, nyuma, chini ya mfuniko wa mbao. Ni kizima, nilikikagua mwaka juzi.

Na juu ya Yuliana. Wewe ulikulia Temeke, hujui. Yeye ni mtoto wa Kitangari, huko huko uwandani. Toka akiwa na miaka saba alishuka ukingoni na ndoo na kuupanda tena ikiwa imejaa, asubuhi kabla ya shule. Utosini ana mahali ambapo nywele hazijarudi. Siku ya harusi yenu aliniambia, nami nilidhani anatania, kwamba amekubali kuolewa nawe kwa sababu ulikuwa na bomba ndani ya uzio.

Hayo ni maelezo. Yatafakari.

Gasper


Mnyambe,
21 Julai 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo sana, na kwa Mama pia. Barua yako nimeipata wiki iliyopita. Kondakta aliiweka ndani ya koti, koti likafuliwa, ukurasa wa pili una madoa. Nilichoweza kusoma kimenifundisha mengi kuhusu mchanga. Asante.

Huku mambo ni mengi. Nilikuja kupumzika, Mjomba, lakini watu wakisikia kuna mtu asiye na haraka wanampa kazi. Mimi ni katibu wa kamati ya mazishi, katibu wa kamati ya vyoo vya shule na mjumbe wa kamati ya barabara. Jumanne wananitaka kwenye kwaya, ingawa wamenisikia nikiimba. Ofisini nilikuwa na mkutano mmoja kwa wiki. Hapa jana nilikuwa na minne, na wa nne ulikuwa wa kupanga ratiba ya mikutano.

Na kimya nilichokifuata kimenipiga chenga. Saa kumi na moja alfajiri mashine za kupulizia salfa mikorosho zinaanza kunguruma pande zote, na unga wa njano unaingia hadi kwenye uji. Mchana wanatwanga. Jumamosi vijana wanatolewa jandoni, ngoma siku mbili mfululizo. Niliwauliza kama inawezekana kupunguza kidogo. Wakadhani nataka kupiga, wakanipa ngoma.

Lakini nimepata suluhisho, na ni wewe umenipa! Ulitaja kisima cha Bibi. Nilifunua mfuniko, nikashuka kwa ngazi, na Mjomba, sijawahi kusikia kimya kama kile. Baridi ya kupendeza, giza la staha. Nimetandika mkeka, nimepeleka mto na taa ndogo. Nashuka kila siku baada ya chakula cha mchana, natafakari kama ulivyoniagiza.

Kumetokea mkanganyiko kidogo tu. Bi Ziada aliona mfuniko wazi akapiga kelele, wakaja watu kumi na kamba.

"Baba Kelvin! Uko hai?"

"Niko hai!"

"Umevunjika wapi?"

"Sijavunjika. Nimekaa."

Kisha nikasikia mzee mmoja akisema huko juu, "Mwacheni. Ameona maji hayaingii, ameingia mwenyewe."

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Nami nikacheka, kwa ujirani.

Yuliana ameandika. Anauliza tena. Mjomba, wewe mwambie tu maji yapo.

Dastani


Masasi,
1 Septemba 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Kwetu tuko salama, ila jogoo wetu amekufa na Rahima amemfanyia hotuba. Mke wangu amesikia habari ya kisima. Aliomba nimsomee mara mbili kipande cha kamba.

Yuliana amepiga simu. Nakuandikia mazungumzo yetu kama yalivyokuwa.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, mama. Habari za wagonjwa?"

"Wagonjwa wapo. Na maji ya Mnyambe, yapo?"

Nikamwambia kwamba maji ya uwanda ule ni somo pana. Nikamweleza habari ya mchanga na chemchemi.

"Mjomba, nimezaliwa Kitangari."

"Ndiyo, mama."

"Chemchemi nazijua kwa miguu. Nakuuliza nyumba ya mume wangu."

Nikasema nyumba nimesikia ni nzuri sana kwa sura. Kisha akaniambia mnunuzi wa nyumba ya Tabata amepatikana, mtu mwenye heshima, anataka watie saini kabla ya Krismasi. "Nikishauza, Mjomba, sina pa kurudi. Unalijua hilo?" Nikasema nalijua.

Dastani, sikumwambia yapo na sikumwambia hayapo. Sitaki kusimama kati ya mtu na mkewe, na uongo si kazi niliyosomea. Neno hilo ni lako. Kwa upande mwingine, naona ni vyema nikueleze namna mteremko wa mfereji unavyopaswa kuwa, maana wengi hukosea hapo. Nimeambatanisha kurasa tatu na mchoro.

Gasper


Mnyambe,
13 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nawasalimu wote. Pole kwa jogoo. Kurasa tatu nimezipata, mchoro ni mzuri.

Huku mimi ni mzima. Korosho zimeanza kuanguka, kijiji kizima kinaokota toka alfajiri, harufu ya mabibo kila mahali. Kamati zote zimesimama, hakuna mtu wa kukutana naye. Hata Mahmudu pikipiki yake sasa inabeba magunia, si madumu. Alinieleza kwa upole kabisa: "Mzee, korosho ni ya msimu. Wewe utakuwepo."

Bi Ziada alinipa ndoo moja Jumapili kutoka kisima chake. Sikuomba. Aliitua mlangoni, akasema, "Ya kunywa tu, Baba Kelvin. Usije ukaiogea." Nimejifunza kuoga kwa kikombe. Ukiwa na nidhamu, vikombe vitano vinatosha, na kuna utulivu wake.

Shingo inaniuma kidogo kwa wiki mbili sasa. Nadhani ni mto niliohamishia kisimani. Na viatu vyangu vya kutembelea vimeisha soli zote mbili, sijui vilitengenezwa wapi.

Alfajiri ukungu bondeni bado ni mzuri. Nauona kila siku siku hizi, kwa karibu.

Yuliana nimemwandikia kwamba anakaribishwa.

Dastani


Masasi,
26 Novemba 2024

Dastani,

Hatujambo. Salamu ni hizo.

Yuliana yuko hapa. Alishuka kwenye basi la Dar jana jioni, bila kuniarifu, na begi moja. Alisalimia, akala, akamkanda mke wangu goti, kisha akasema, "Mjomba, kwenye simu unanifundisha. Nimekuja unitazame usoni unijibu."

Mimi nikaleta barua zako zote, pamoja na nakala za zangu, maana ualimu haujanitoka, nikamwekea mezani. Nilijiambia kwamba hivyo simwambii mimi, unamwambia wewe mwenyewe.

Alizisoma kwa mpangilio wa tarehe. Kwenye lori la makuti alifumba macho. Kwenye kisima alicheka, Dastani, akacheka hadi mke wangu akaja kuangalia kama kuna msiba. "Ameingia mwenyewe!" alirudia, akipangusa machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akafika kwenye barua ya Oktoba na kicheko kikakatika. Akaisoma tena. Akaweka kidole pale penye shingo.

"Anabeba ndoo," akasema.

"Nadhani," nikasema.

"Si kudhani. Shingo, soli, ukungu kwa karibu. Anashuka ukingoni alfajiri. Mtu wa miaka sitini, hajui hata kukunja kata ya kichwani." Akaikunja barua. "Na hakuniambia."

Nikaanza kueleza kwamba wanaume wa rika lako wana namna yao. Akanigeukia.

"Na wewe, Mjomba! Barua tatu. Mchanga, bati, mteremko wa mfereji, mchoro. Umemweleza kila kitu. Kuna mahali popote umemwambia, Dastani, badilisha paa?"

Nimetafuta. Hakuna. Nilimwachia mpwa wangu agundue, kama nilivyowaachia wanafunzi, na mwanafunzi huyu amegundua kwa shingo yake. Hilo ni kosa langu na nimelikiri mbele ya mke wangu, ambaye hakuonekana kushangaa.

Sasa msimamo wake nakupa kwa maneno yake. Nyumba ya Tabata hajauza. Amemwambia mnunuzi asubiri, na asipoweza kusubiri aende. "Haitauzwa mpaka nione maji kisimani kwa macho yangu, mvua mbili, si moja." Kuhusu kuandika kwamba maji yanafika mlangoni, hilo utalijibu kwake ana kwa ana, na sikuonei wivu. Lakini anakuja. Nilimuuliza kama ana hakika. Alisema, "Mume aliyenidanganya ninaye miaka thelathini. Mume anayenibebea maji nimempata mwezi huu. Naenda kumwona kabla hajapona."

Leo asubuhi amekwenda dukani akachagua mabati mwenyewe, akiyagonga moja moja kwa kidole, na mifereji, na misumari ya bati. Vitafika kesho kwa lori, naye atakuwa kiti cha mbele. Anayekukabidhi barua hii ni fundi Emmanuel, amekuja kwa pikipiki kuanza kupima. Mpe chai. Mawingu yameshaanza kukusanyika huku Masasi, na mvua ya kwanza ikitupita hakuna wa kuturudishia.

Nilikuwa nimeandika ukurasa mwingine wa maelezo. Yuliana ameuchukua, anafungia karanga za njiani.

Leo, kabla jua halijazama, panda juu ushushe makuti yote.

Mjomba wako,
Gasper